Mwalimu Abaki au Aende?

Mwezi wa Machi wa mwaka 2022 habari kubwa katika Kapolowe haikuwa bei ya unga, wala samaki wa ziwa la Lufira, wala malori yapitayo mchana na usiku yakichukua madini. Habari kubwa ilikuwa mtu mmoja mzee kutoka Argentina, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyepata kumwona kwa macho, na ambaye bila shaka hakupata kulisikia jina la Kapolowe. Jina lake ni Héctor Cúper. Alikuwa mwalimu wa timu ya taifa letu, Chui wa Kongo. Swali lililowagawanya watu penye maduka ya stesheni, penye soko la samaki, na hata uani pa kanisa baada ya Misa, lilikuwa hili: mwalimu huyu abaki au aende?

Nasi tulikuwa miongoni mwa hao waliobishana. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji mabishano yale, kwa sababu yalianza na mpira wa wakubwa wa dunia, yakaishia mahali ambapo hakuna aliyepatazamia, yaani kwa watoto wetu wenyewe.

Kwanza yafaa tumweleze mtu huyu kwa haki, maana mara nyingi tuwahukumuo ndio tusiowajua. Cúper alizaliwa mwaka 1955. Katika ujana wake alicheza beki, na alipogeuka kuwa mwalimu alibaki na moyo wa beki. Aliamini kwamba timu isiyofungwa haiwezi kushindwa. Kwa hiyo aliwapanga watu wake nyuma kama ukuta, wakae karibu karibu, wasitoke ovyo, wangoje mpaka mpinzani akosee, ndipo washambulie. Kwa njia hiyo alizifikisha timu zake mahali ambapo wengi hawakudhani. Mwaka 1999 aliipeleka Mallorca ya Hispania kwenye fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya. Mwaka 2000 na 2001 akaipeleka Valencia kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa mara mbili mfululizo. Mwaka 2017 aliifikisha Misri kwenye fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, na mwaka uleule akaipatia nafasi ya kwenda Kombe la Dunia, jambo ambalo Wamisri hawakuwa wameliona tangu mwaka 1990. Lakini fainali zile nne zote alishindwa. Na kule Urusi mwaka 2018 Misri ilifungwa michezo yake yote mitatu, naye akaondoka huku watu wakimnung'unikia kwamba aliwafunga wachezaji wake minyororo.

Basi huyo ndiye aliyekabidhiwa Chui mwezi wa Mei 2021. Mchezo wa kwanza wa kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia la Qatar ulichezwa karibu nasi, Lubumbashi, katika uwanja wa TP Mazembe, tarehe 2 Septemba 2021, dhidi ya Tanzania. Mbokani akafunga, Msuva akarudisha, ikawa 1–1. Siku chache baadaye, kule Benin, 1–1 tena. Kisha tukaishinda Madagascar 2–0 Kinshasa, lakini tukafungwa 1–0 kwao. Hapo ndipo kelele za kwanza zilipoanza. Hata hivyo mwezi wa Novemba timu iliifunga Tanzania 3–0 Dar es Salaam, na Benin 2–0 Kinshasa, ikaongoza kundi kwa pointi 11, Benin ikiwa na 10. Sasa ulibaki mlima mmoja tu, nao ni Moroko.

Katika majuma yale ya kungojea, Kapolowe iligawanyika sehemu mbili, na kila sehemu ilikuwa na methali yake. Wazee, hasa wale wakaao kwa fundi wa baiskeli karibu na stesheni, walisema, «Haraka haraka haina baraka. Mwacheni mwalimu ajenge ukuta.» Vijana nao wakajibu, «Ngoja ngoja huumiza matumbo. Tangu lini chui akawinda kwa kukaa pangoni?» Hata Injili ililetwa katika ubishi. Katekista mmoja alimkumbusha kila mtu habari ya mfalme ambaye, kabla ya kwenda vitani na watu elfu kumi, huketi kwanza kufikiri kama aweza kumkabili mwenye elfu ishirini. Kijana mmoja wa kwaya akamjibu upesi kwa habari ya yule mtumishi aliyeifukia talanta yake ardhini kwa sababu alimwogopa bwana wake, na jinsi bwana alivyomkasirikia. Tukacheka sote. Lakini ndani ya kicheko kile mlikuwamo neno la kweli, maana mifano yote miwili yatoka katika kinywa kimoja. Bwana wetu alisifu busara ya kuhesabu, tena alilaumu woga wa kufukia.

Msomaji aliye kijana aweza kuuliza: kwa nini wazee wetu waupenda ukuta namna hii? Jibu ni mwaka 1974. Mwaka ule Chui, chini ya mwalimu Blagoje Vidinić aliyetoka Yugoslavia, walikuwa mabingwa wa Afrika, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Huko Ujerumani Magharibi walifungwa na Uskoti 2–0. Kisha tarehe 18 Juni walikutana na Yugoslavia, yaani nchi ya mwalimu wao, wakafungwa 9–0. Baada ya magoli matatu mwalimu alimtoa golikipa Kazadi, mtu wetu wa Katanga aliyeng'ara na Englebert, timu ambayo sasa huitwa Mazembe, akamwingiza Tubilandu, magoli yakazidi. Wako watu walionong'ona kwamba mwalimu aliwauza Chui kwa ndugu zake. Mnong'ono ule haukuthibitishwa, lakini hata leo, miaka zaidi ya 50 baadaye, utausikia bado penye kibuyu cha munkoyo. Mtu aliyesikiliza magoli tisa redioni akiwa mtoto huzeeka na hofu ya mlango ulio wazi. Na mtu aliyezaliwa baadaye, ambaye mpaka wakati ule hakuwa amepata kuwaona Chui katika Kombe la Dunia hata mara moja, aliona kwamba mlango uliofungwa daima haumfikishi mtu popote. Kila mmoja alimhukumu Cúper kwa jeraha lake mwenyewe.

Tarehe 25 Machi 2022 Moroko walikuja Kinshasa. Dakika ya 12 Wissa alifunga, na kelele za furaha zikasikika toka nyumba hata nyumba. Tangu hapo tuliwaona Chui wakirudi nyuma kidogo kidogo, kama mtu aliyepata fedha akakaa juu ya sanduku. Walilinda goli lile moja saa nzima na zaidi. Dakika ya 76 Tissoudali akasawazisha. Ikawa 1–1. Kwa kanuni ya wakati ule, goli la ugenini lilikuwa na uzito zaidi jumla ya magoli ikilingana. Maana yake ni kwamba kule Casablanca hata sare ya bila goli ingewatosha Moroko. Sasa mwalimu wa ukuta alilazimika kuwatoa watu wake nje ya ukuta. Tarehe 29 Machi walitoka, na mlango ukabaki wazi. Ounahi alifunga mara mbili, Tissoudali moja, Hakimi moja. Malango akatufungia moja la kufutia machozi. 4–1.

Hebu sikilizeni jinsi watu walivyosema juma lile, maana mengi yalisemwa, lakini machache yalikuwa hukumu.

Wa kwanza walisema kwamba mtu huyu ana kisirani. Ameshindwa fainali nne, kwa hiyo ameleta bahati mbaya yake katika nchi yetu. Wakristo waliobatizwa walisema hivyo, bila haya. Kama kushindwa fainali ni laana, basi kufika fainali ni nini? Walimu wengi wa mpira hufa bila kuiona hata moja.

Wa pili walisema kwamba ni mgeni, na mgeni hana uchungu wa nchi. Haya ni maneno yaleyale ya mwaka 1974. Lakini mwaka 2010, TP Mazembe ilipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, mwalimu alikuwa Lamine N'Diaye, Msenegali, na hatukumsikia mtu yeyote Katanga akiulizia pasi yake ya kusafiria. Mgeni akishinda ni ndugu yetu, akishindwa ni mgeni. Hiyo si mizani ya haki.

Wa tatu walipiga kelele kuliko wote, nao ni wale walioweka fedha zao katika kamari ya michezo. Mmoja alikuwa ameweka fedha za nyavu, mwingine fedha ya shule ya mdogo wake. Hao hawakuwa wakimhukumu mwalimu. Walikuwa wakizililia fedha zao. Sauti ya namna hiyo haifai kuhesabiwa katika baraza lolote.

Wachache sana ndio walioutazama mchezo wenyewe. Hao hawakulaumu ulinzi, kwa maana bila ulinzi ule tusingeongoza kundi. Walilaumu jambo moja tu, nalo ni kwamba Kinshasa, tulipokuwa na goli moja, na watu wetu wakijaa uwanjani, na Moroko wakiwa wametaharuki, ndipo wakati wa kutafuta la pili; nasi tulirudi nyuma. Walisema kuwa kujilinda kwa sababu umepima nguvu zako ni akili, lakini kujilinda kwa sababu umeshika kitu na waogopa kukipoteza ni jambo jingine. Mambo hayo mawili yakitazamwa toka mbali hufanana kabisa. Twaona kwamba neno hili lilikuwa ndilo neno la maana kuliko yote yaliyosemwa Kapolowe mwezi ule.

Mwezi wa Juni Chui walifungwa na Gabon 1–0 Kinshasa, kisha na Sudan 2–1. Cúper akaondolewa. Mwezi wa Agosti 2022 akaja Sébastien Desabre, Mfaransa. Kwa Cúper mambo yakaishia hapo: taifa lina haki ya kubadili mwalimu wake, na mwalimu wa namna ile ana mkataba na mshahara, naye hatalala njaa. Kwetu sisi mambo ndiyo kwanza yalianza.

Katika mtaa wetu iko timu ya vijana wadogo wa miaka 13 hadi 16, wapatao 20. Huwafundisha mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mpole, asiyelipwa hata faranga moja kwa kazi hiyo. Vijana wake ni wembamba, wengi hucheza bila viatu, na hukutana na timu za vijana wakubwa kuliko wao, wenye misuli ya kuchimba. Kwa hiyo aliwafundisha kukaa nyuma na kusaidiana. Katika msimu ule walicheza michezo tisa. Walishinda mmoja, wakatoka sare mitano, wakafungwa mitatu. Magoli waliyofunga yalikuwa manne tu. Cúper alipoondolewa, palikuwa na watu waliosema, «Na wa kwetu je? Kama taifa limemfukuza wa kwake, kwa nini sisi tumlee wetu?» Wakaanza kumwita mwalimu yule Cúper njiani, mbele ya wanafunzi wake. Kisha wakaomba wazee na wazazi wakutane.

Tulikutana Jumapili moja ya mwezi wa Julai, wakati wa baridi, watu wakiwa wamejifunika vitenge mabegani. Baba mmoja alisimama kwanza, akasema kwa ukali kwamba watoto wanaaibishwa. Kwamba mpira ni magoli. Kwamba yuko fundi mmoja pale stesheni aliyecheza fowadi zamani huko Likasi, naye yu tayari kuichukua timu. Wengi wakapiga makofi. Mwalimu mwenyewe alikuwapo, ameketi nyuma, kofia magotini, asiseme neno.

Ndipo akasimama mama mmoja mjane, muuza samaki, ambaye si kawaida yake kusema mbele za watu. Akasema: «Baba zangu, mniwie radhi, mimi mpira siujui. Mwanangu alipokuwa na miaka 12 alikuwa akienda kwenye mashimo upande wa Kambove kuokota na kuosha mawe. Alirudi na fedha kidogo na kikohozi kikubwa. Nilimpiga, hakusikia. Padri alisema naye, hakusikia. Mwalimu huyu alimwambia kwamba asiyekuja shuleni asubuhi hachezi jioni. Tangu siku ile hajarudi mashimoni. Ninyi mwahesabu magoli. Mimi nahesabu siku.»

Watu wakanyamaza. Nasi twakiri kwamba hoja ile haikuwa ya mpira hata kidogo, lakini iligusa swali ambalo hakuna aliyeuliza wakati wa Cúper, wala hapakuwa na haja ya kumwuliza Cúper: timu hii ni ya nini? Timu ya taifa imewekwa ili ishinde. Asiyeshinda huko amekosa kazi aliyoajiriwa. Lakini timu ya watoto imewekwa kwa ajili gani?

Mzee mmoja, aliyesomeshwa na mapadri zamani, alitukumbusha jambo la historia. Wabenedikto, walewale walioijenga misheni ya Kapolowe, ndio walioianzisha mwaka 1939 timu ile ambayo leo dunia nzima huijua kwa jina la TP Mazembe. Walikuwa na shule yao ya Mtakatifu Bonifasi huko Élisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi. Walitaka vijana wasiokuwa wakisomea upadri wapate kazi njema ya mwili baada ya masomo, wakawaundia timu, wakaiita Mtakatifu Georgi. Wakati ule hawakufikiri habari ya makombe ya Afrika. Walifikiri habari ya vijana na saa zao za jioni. Makombe yalikuja baadaye, mwaka 1967 na 1968, kisha mwaka 2009, 2010 na 2015. Mti ule mkubwa ulitoka katika mbegu ambayo haikupandwa kwa ajili ya vikombe.

Kama mkutano ungaliishia hapo, habari hii ingekuwa tamu, lakini isingekuwa ya kweli yote. Maana alisimama pia kijana mmoja wa timu yenyewe, fowadi wa miaka 14. Alipewa ruhusa ya kusema. Akasema kwa sauti ndogo, akimtazama mwalimu wake kwa mapenzi: «Mwalimu twampenda. Lakini mimi nikipata mpira mbele, na njia iko wazi, nasikia sauti yake nyuma yangu ikiniita, Rudi, rudi. Sasa hata asiponiita, naisikia.»

Twamwona mwalimu hadi leo jinsi alivyoinua uso. Neno hili lilimwingia kuliko kelele zote za wale waliotaka aende. Lilikuwa lilelile lililosemwa na wale wachache baada ya mchezo wa Kinshasa, ila sasa lilitoka katika kinywa cha mtoto. Ukuta aliowajengea ili uwalinde ulikuwa umeanza kujengeka ndani yao. Mama mjane alisema kweli, na mtoto naye alisema kweli. Kumfukuza mwalimu kungemrudisha mmoja mashimoni; kumwacha vivi hivi kungemfundisha mwingine kuogopa njia iliyo wazi.

Basi tukakumbuka mfano wa tatu wa Injili, ambao hakuna aliyeutaja katika ubishi wa mwezi wa Machi. Ni ule wa mtini usiozaa. Mwenye shamba amengoja miaka mitatu, ataka kuukata. Mtunza shamba amwomba mwaka mmoja zaidi. Watu wengi huukumbuka mwaka ule mmoja, wakausahau udongo. Mtunza shamba hakusema tuuache tu. Alisema atauchimbia pande zote na kuutia samadi, kisha ndipo utazamwe tena. Subira asiyoifikiria yeye ni subira ya mvivu, ile ya kukaa na kungoja mti ujibadilishe wenyewe.

Tukaamua hivi. Mwalimu abaki mwaka mmoja. Yule fundi wa stesheni aje jioni mbili kila juma awafundishe mafowadi, na siku hizo mwalimu asimame mbali, asiite mtu kurudi. Kila mzazi atoe kidogo kwa ajili ya viatu. Na mtu mzima yeyote atakayemtukana mtoto au mwalimu penye uwanja ataondoka uwanjani. Mwalimu alikubali, ingawa uso wake ulionyesha kuwa habari ya kusimama mbali ilimwuma.

Msimu uliofuata walishinda michezo minne, wakafungwa minne, wakatoka sare mmoja. Mara moja walifungwa matano, kwa sababu wote walikwenda mbele kama kuku waliofunguliwa. Si hadithi ya ushindi. Vijana wawili waliiacha timu, wakaenda mashimoni baada ya baba yao kupoteza kazi, na hakuna mwalimu wala fundi aliyeweza kuwazuia. Mwana wa mjane alimaliza shule ya msingi.

Nao Chui je? Mwezi wa Januari 2024, katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Côte d'Ivoire, Desabre alitoka sare na Zambia 1–1, na Moroko 1–1, na Tanzania 0–0. Katika Kapolowe tukasikia tena wimbo uleule wa kwamba aende. Lakini hakwenda. Misri nao walitoka sare 1–1, Chui wakawashinda kwa penalti 8–7, na penalti ya mwisho ilipigwa na golikipa mwenyewe, Lionel Mpasi. Kisha wakaifunga Guinea 3–1, wakafungwa na wenyeji 1–0, na kushindwa na Afrika Kusini kwa penalti baada ya sare ya 0–0. Hesabu vizuri, msomaji: katika michezo saba walishinda mmoja tu ndani ya muda wa mchezo, na walirudi nyumbani wakiwa timu ya nne ya Afrika nzima, wakapokewa kama mashujaa. Desabre akapewa wakati. Mwezi wa Novemba 2025, kule Rabat, timu yake iliifunga Kameruni 1–0 katika dakika za nyongeza, kisha ikaitoa Nijeria kwa penalti baada ya sare ya 1–1. Sare zilezile ambazo chini ya mmoja ziliitwa kisirani, chini ya mwingine ziliitwa moyo wa chuma.

Hatusemi kwa hiyo kwamba Cúper angaliachwa angalifanikiwa vilevile. Hilo Mungu peke yake ndiye alijuaye. Twasema tu kwamba hesabu ya sare haitoshi kumhukumu mtu. Anayetaka kujua kama mwalimu mwenye kujilinda afaa kubaki, na awatazame wachezaji wake wanapopata mpira na njia iko wazi. Kama wanakwenda, basi ukuta ule ni nyumba, na wenye nyumba watatoka humo siku moja na kushinda. Kama wanageuka nyuma kabla hawajaitwa, basi ukuta ule ni gereza, na lazima mtu aseme, ingawa mwalimu ni mtu mwema.

Twawaachia neno hili hasa akina baba na akina mama, kwa kuwa kila mzazi ni mwalimu wa timu ndogo, na wengi wetu tu mabeki. Twawakataza watoto mto, barabara, mashimo, marafiki wabaya, safari ya Likasi. Twafanya vema, dunia hii ina washambuliaji wengi, na mtoto asiyelindwa hufungwa mapema. Lakini jioni moja, baada ya bukari, yafaa kumwuliza mtoto wako kama bado aisikia sauti yako ikimwita arudi hata pale ambapo wewe umenyamaza. Ukimwuliza, ungoje ajibu.